Kitufe cha moto kiachiwe soja

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu na baadhi yenu mmeniandikia barua pepe mkiuliza kama nimeacha kublogu. La, sijaacha. Nilikuwa nimezama katika kazi ambayo sikuiomba, haina malipo, na haihusu tovuti hata moja: kupanga vitufe 8 vya paneli ya matangazo katika jengo ambamo tumekodi ofisi hapa Nairobi. Vitufe 8 tu! Lakini vimenifunza mengi kuliko mradi wowote niliolipwa mwaka huu, na nimetoka na msimamo ambao meneja wa jengo hakuupenda hata kidogo. Msimamo wenyewe ni huu: kitufe cha kuwatoa watu jengoni lazima kiwe chini ya mkono wa soja aliye zamu, hata kama soja huyo huyo amewahi kukibonyeza kimakosa.

Kisa kilianza Ijumaa moja mchana. Gari lilikuwa limeziba njia ya kutokea kwenye maegesho, na hakuna aliyejua mwenyewe yuko orofa gani. Dada wa mapokezi alikuwa ameenda kula, basi mzee wa zamu akakaa kitini pake. (Nitamwita mzee tu, ana umri wa baba yangu na sitaki jina lake lizungushwe mtandaoni.) Akashika ile maikrofoni yenye shingo ndefu, akatafuta kitufe cha kuita orofa zote. Mbele yake kulikuwa na vitufe 8 katika mstari mmoja, rangi moja, ukubwa mmoja. Vilikuwa vimeandikwa Z1, Z2, Z3, Z4, Z5, GEN, EV-A, EV-B. Akawaza vile ambavyo hata mimi ningewaza: vya mwanzo ni vya orofa moja moja, basi cha mwisho ni cha zote. Akabonyeza cha mwisho.

Cha mwisho kilikuwa cha moto.

King'ora kikalia. Kisha sauti ya Mwingereza fulani ikaanza kutuambia, kwa Kiingereza cha redio za zamani, kwamba dharura imeripotiwa na tuondoke kwa njia iliyo karibu. Mzee akabonyeza tena ili azime. Wapi! Kitufe kilikuwa kimesanidiwa kuanzisha tu. Kuzima kulifanyika kwenye kabati la mitambo, orofa ya nne, mlango umefungwa, ufunguo uko kwa fundi, na fundi yuko Industrial Area akipambana na foleni ya magari. Dakika 26 Mwingereza yule alituhubiria. Wanafunzi wa orofa ya tano walishuka wakisukumana ngazini. Mgonjwa wa daktari wa meno alitoka na bibu kifuani. Mama mmoja aliteguka kifundo cha mguu.

Na sisi? Naona haya kuyasema, lakini niliahidi ukweli katika ukurasa huu. Ofisini mwetu watu watatu tuliendelea kuandika programu. Nilidhani ni majaribio. Nilivaa vipokea sauti masikioni, nikaongeza muziki.

Jumatatu meneja akaitisha kikao cha wapangaji. Mapendekezo yalikuwa mawili. La kwanza, mzee afutwe. La pili, kitufe cha moto kifungwe kwa nambari ya siri, na nambari hiyo wapewe watu watatu: meneja, mhasibu wake na fundi. Vichwa vikatikiswa kukubali. Mimi nikauliza swali moja tu: saa nane usiku ndani ya jengo hili huwa kuna nani? Jibu kila mtu alilijua. Orofa ya pili kuna vijana wa kituo cha kupokea simu za wateja wa ng'ambo, wanafanya kazi usiku kucha. Mapokezi kuna mzee. Na wale watatu wenye nambari ya siri? Mmoja yuko Rongai, mwingine Ruiru, wa tatu sijui, lakini wote wamelala.

"Wewe si unajua mambo ya tarakilishi?" meneja akanijibu, kwa kejeli kidogo nadhani. "Basi kaa na fundi mlipange."

Ndivyo nilivyojipata kazini.

Kabla sijaeleza tulichofanya, hebu niwapeleke Hawaii. Januari 13, 2018, saa 2:07 asubuhi kwa saa za huko, simu za watu wa visiwa vile zilipokea ujumbe kwamba kombora linakuja, watafute pa kujificha, na kwamba hayakuwa mazoezi. Hakukuwa na kombora. Aliyetuma ujumbe alifukuzwa kazi baadaye na mkuu wa idara akajiuzulu. Lakini ukisoma uchunguzi wa tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, utaona kosa la mtu huyo ndilo dogo kuliko yote. Mtu mmoja aliweza kutuma peke yake. Swali la kuthibitisha lililotokea kwenye skrini lilikuwa lile lile, uwe unafanya jaribio au unatuma tahadhari ya kweli. Na kubwa zaidi: hawakuwa wametayarisha ujumbe wa kusema "samahani, ni kosa". Mfumo uliotangaza kombora kwa dakika moja ulichukua dakika 38 kulikanusha.

Dakika 38 kule, dakika 26 kwetu. Kule mtu alifukuzwa. Huku mzee alikuwa karibu kufukuzwa. Na sehemu zote mbili kilichokosekana ni kile kile: kitufe cha kurudi nyuma. Sisi waandishi wa programu tunakijua vizuri. Hakuna kati yetu angekubali kutumia kihariri cha maandishi kisichoweza kutengua kosa. Lakini tunakubali kumpa mzee wa miaka 60 kitufe kinachotikisa jengo zima na kisichotenguliwa, halafu akikosea tunamlaumu yeye.

Sasa turudi kwenye paneli. Kwa wasiojua, mfumo wa namna hii una kazi mbili. Kila siku unaita wenye magari na kupiga muziki mdogo kwenye lifti. Siku ya hatari, spika zile zile ndizo zinazowatoa watu. Fundi anachomeka tarakilishi yake, anafungua programu ya mipangilio, na kwa kila kitufe anaamua mambo matano au sita: orofa zipi zisikie, kengele gani itangulie, ujumbe upi uliorekodiwa uchezwe au maikrofoni ifunguliwe, urudiwe mara ngapi, uwe na kipaumbele gani, na kitufe kijiendeshe vipi kikibonyezwa. Hilo la mwisho watu hulipuuza, nalo ndilo lililotuponza. Kitufe kinaweza kufanya kazi muda unaokishikilia tu, ukiachilia kinakata. Kinaweza kuwasha mara ya kwanza na kuzima mara ya pili. Au kinaweza kuanzisha tu, kisha ujumbe ukaenda wenyewe hadi mtu auzime kwingine. Kwa macho, vyote vitatu ni kitufe kile kile. Mlango wa kusukuma na wa kuvuta vimefanana, na hakuna aliyeandika "vuta".

Tulipofungua faili la mipangilio nilikuta kingine cha kutisha. Mwito wa gari na ujumbe wa moto vilikuwa na kipaumbele sawa! Yaani mtu akiwa anamwita mwenye gari jeupe wakati moto unazuka, ujumbe wa moto ungesubiri foleni. Fundi (kijana mpole, sina ugomvi naye, hakuufunga yeye mfumo huu) alishtuka kama mimi. Mifumo yenyewe inatoa nafasi ya kutosha ya kutofautisha. PRAESENSA ya Bosch, kwa mfano, ina viwango vya kipaumbele kuanzia 0 hadi 255: vya chini kabisa ni vya muziki, vya kati ni miito ya kawaida, na kuanzia 224 kwenda juu ni dharura. Mfumo wetu ni wa kampuni nyingine, lakini wazo ni hilo hilo. Mtu aliyeufunga aliacha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, akalipwa, akaenda zake.

Basi nikafanya kitu ambacho katika kazi yetu ya programu tunakiongelea sana na kukifanya kidogo. Nilichukua katoni ya karatasi za kuchapia, nikaikata ukubwa wa paneli, nikachora vitufe kwa kalamu nene. Nikamwendea mzee na wenzake wawili, mmoja mmoja, wakati wa kubadilishana zamu. Nikawaambia, "Mzee, gari limeziba njia. Bonyeza." Wakabonyeza katoni. "Moshi unatoka orofa ya tatu. Bonyeza." Wakabonyeza. Kisha nikazima taa za mapokezi, nikawapa tochi, nikarudia. Mmoja wao alinitazama kwa huruma kama mtu aliyepotewa na akili.

Katoni tatu zilitupwa. Ya nne ndiyo tuliyoitumia, na mengi yaliyomo si mawazo yangu. Mimi nilitaka vitufe viandikwe kwa alama za picha. Mzee akakataa: "Injinia, usiku bila miwani hiyo picha ni doa. Andika herufi kubwa." Mimi nilitaka kila orofa iwe na kitufe chake cha moto, ili waondoke kwanza walio kwenye moto na walio juu yao, kama wanavyofanya katika majengo marefu ya Ulaya. Mwenzake akauliza: kwa orofa tano zenye ngazi mbili, kuna haja gani ya kunipa mtihani wa hesabu moto ukiwaka? Sikuwa na jibu. Kitufe cha moto kikabaki kimoja.

Mwishowe miito ya kawaida ilikaa kushoto, na yote inafanya kazi ukishikilia tu. Katikati tuliacha nafasi moja tupu isiyo na kazi. Kulia kabisa, chini ya kifuniko cha plastiki ambacho lazima ukiinue, kipo chekundu: ONDOENI WATU WOTE. Kando yake kipo cheupe: SITISHA, NI KOSA. Hicho cheupe kinakata ujumbe papo hapo na kucheza mwingine usemao tangazo lililopita lilikuwa kosa, hakuna moto, rudini kazini.

Juu ya hicho cheupe tulibishana siku mbili nzima. Meneja alisema mwizi anaweza kuzima tahadhari ya kweli. Hoja nzuri, siikatai. Ndiyo maana tulikisanidi kizime tu kile kilichoanzishwa kutoka paneli hiyo hiyo. Tahadhari ikitoka kwenye vifaa vya kunusa moshi, kitufe cheupe hakifui dafu. Na kuhusu nani aruhusiwe kugusa sehemu ya kulia, kiwango cha Ulaya cha vifaa hivi, EN 54-16, kinataka vidhibiti vya dharura viguswe na wenye ruhusa pekee. Sawa kabisa. Lakini mwenye ruhusa ni nani? Nilimwambia meneja kwamba ruhusa si cheo. Ufunguo wa kifuniko sasa unakabidhiwa pamoja na tochi na kitabu cha wageni, kila zamu inapobadilika. Aliyekaa kiti kile ndiye mwenye ruhusa.

Kuna watakaosema: afadhali kimya kuliko taharuki ya bure. Wakumbuke Kikuyu. Aprili 12, 2015, siku 10 baada ya shambulio la Garissa, mlipuko wa umeme ulisikika alfajiri katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi waliamini wamevamiwa. Waliruka kutoka orofa za juu. Mmoja alikufa, zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Sisemi kwamba spika zingemwokoa yule mmoja, siwezi kulijua hilo. Nasema kwamba mtu aliyesikia kishindo gizani huijaza ile nafasi ya kutojua na jambo baya kuliko yote analolikumbuka. Kimya si salama.

Na king'ora peke yake hakitoshi pia. Watafiti wawili, Guylène Proulx na Jonathan Sime, walichapisha mwaka 1991 matokeo ya majaribio matano katika kituo cha treni za chini ya ardhi cha Monument, Newcastle, Uingereza. Kengele ilipolia peke yake, watu walizubaa (kama mimi na vipokea sauti vyangu). Mambo yalibadilika pale mfanyakazi aliyewaona kwenye kamera alipowaeleza kwa maikrofoni nini kimetokea na waelekee wapi. Kichwa cha makala yao kinauliza kwa nini watu wasiambiwe ukweli. Nami nauliza vivyo hivyo juu ya Mwingereza wetu na "dharura imeripotiwa" yake. Dharura gani? Imeripotiwa na nani?

Tulimstaafisha. Dada wa mapokezi alirekodi upya kwa Kiswahili, halafu Kiingereza, ndani ya stoo iliyojaa mapazia ya zamani ili sauti isirudi mwangwi. "Sikilizeni. Kuna moto katika jengo hili. Shukeni kwa ngazi sasa. Msitumie lifti." Sekunde chache tu. Alitaka kuanza na "Wapangaji wapendwa" nikamwomba aache. Kiwango cha zamani cha kimataifa, IEC 60849, kinataka mlio wa kuvuta sikio wa sekunde 4 hadi 10 kabla ya ujumbe wa kwanza, tulichagua 4. Pia tulirekodi ujumbe wa tatu, wa mazoezi, kwa sababu Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za mwaka 2007 zinadai mazoezi angalau mara moja kila miezi 12, na mazoezi yasiyotangazwa yanaua. Strathmore, Novemba 30, 2015, mfanyakazi mmoja alipoteza maisha kwa sababu watu hawakujua kwamba milio ya risasi ilikuwa igizo.

Mengine nitayapitia haraka. Orofa ya tatu ujumbe haukusikika kabisa, tukagundua wapangaji walipunguza sauti kwa kinobu cha ukutani kwa kuchoshwa na muziki, na kinobu hicho kilikuwa cha aina isiyorukwa wakati wa dharura. Vimebadilishwa. Vyooni hakukuwa na spika. Na faili la mipangilio lilikuwepo mahali pamoja tu duniani, ndani ya tarakilishi ya fundi! Sasa nakala moja iko kwangu, nyingine kwa meneja, na picha ya paneli iliyochapishwa imebandikwa ndani ya droo ya mapokezi.

Naomba wenzangu waandishi wa programu msiidharau kazi hii mkidhani ni ya mafundi wa nyaya. Nyaya ni za mafundi, na wanazijua. Lakini kuamua kitufe kifanye nini kikibonyezwa mara mbili na mtu anayetetemeka ni kuandika programu, na katika majengo mengi ya mji huu iliandikwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kwa mteja mwingine. Leo ukitoka kazini, simama mapokezi utazame paneli yenu. Muulize soja cha moto ni kipi. Halafu muulize atakizima vipi.

Mzee hakufutwa. Alipelekwa lango la nyuma kwa siku kadhaa, kama adhabu isiyoitwa adhabu, kisha akarudi mapokezi zamu ya usiku. Jumanne iliyopita, yapata saa tisa usiku, alinusa plastiki inayoungua na kuona moshi kwenye ngazi ya orofa ya kwanza. Aliinua kifuniko, akabonyeza chekundu. Vijana wa simu wakashuka wote, wengine na vikombe vya chai mkononi. Ilikuwa birika la umeme lililosahauliwa katika ofisi ya mawakili, limekauka na kuyeyuka juu ya meza. Mzee na kijana mmoja walilimwagia unga wa kizimamoto, wakafungua madirisha, wakangoja moshi uishe. Kisha akabonyeza cheupe. Kwenye kitabu cha matukio aliandika mistari miwili na saa.

Asubuhi meneja alikisoma. Hakumwita mtu ofisini. Alinipigia simu kuuliza kama kitufe chekundu kinaweza kuwekewa taa ndogo, kwa sababu mzee amelalamika kwamba usiku lazima aende na tochi. Nimemwambia inawezekana, fundi anakuja Alhamisi.